Ulimi wa Ambrose Teague

Watu wa sinema wa California walikuwa wakisema kwamba Ambrose Teague angeweza kuliliza jiwe, mradi jiwe liwe na masikio. Hawakutia chumvi sana. Baba yake alikuwa dalali wa mnada wa ng'ombe kule Ohio, na mtoto wa nyoka ni nyoka: Ambrose alizaliwa na ulimi usiojua mapumziko. Alipotimiza miaka kumi na saba alitoroka nyumbani na kikundi cha waigizaji wa kuhamahama, wale wa kulala stesheni na kula viazi baridi, na viazi vilipomchosha akaingia kwenye sinema. Mwaka huo ulikuwa 1909. Picha zilikuwa za dakika kumi tu, na waungwana waliona haya kukiri kwamba wamezitazama. Miaka mitatu baadaye akalifuata jua la California pamoja na mkewe Ottilie na binti yao Minta, aliyekuwa bado anabebwa mabegani.

Kazi yake ilikuwa kuongoza, na aliongoza kwa mdomo. Picha hazikuwa na sauti siku hizo, kwa hiyo mwongozaji alikuwa na ruhusa ya kusema apendavyo wakati mashine inazungushwa. Wenzake walitumia maneno matatu manne: simama, geuka, lia. Ambrose aliketi chini ya kamera, viwiko juu ya magoti, akawasimulia waigizaji mioyo yao. "Haya, barua hiyo hapo mezani. Usiiguse kwanza. Mwandiko unaujua, ee, unaujua tangu shuleni. Sasa mkono wenyewe unakwenda, wewe hutaki, mkono ndio unaotaka..." Machozi yalikuwa yakimtoka mtu kabla hajajua analilia nini. Lenore Vasbinder, ambaye Ambrose alimkuta nyuma ya kaunta ya duka la mikate na kumfanya uso unaojulikana nchi nzima, alikuwa akisema hajawahi kuigiza maishani mwake. Yeye alikuwa anasikiliza tu.

Sheria yake ilikuwa moja. Mashine ikianza kuzunguka, hakuna kuingia, hakuna kumkatiza, mpaka yeye mwenyewe atamke "Kata." Neno hilo lilikuwa lake peke yake, hata mwenye studio hakuthubutu kulisema. Mwaka 1914 msaidizi mmoja aliingia katikati ya onyesho la harusi kumwambia banda la farasi linaungua. Farasi waliokolewa wote, na msaidizi akafukuzwa kabla moshi haujaisha. "Farasi nitanunua wengine," Ambrose alisema, "sura ile ya bibi harusi utaninunulia soko gani?" Watu walicheka, wakalipeleka neno hilo mji mzima kama sifa. Aliyeshika nafasi ya msaidizi yule ni Wendell Fisk, mtu mwembamba, mtiifu hadi ukucha, naye aliishika sheria ile vizuri kupita kiasi.

Minta alifariki mwanzoni mwa Oktoba 1918, katika lile gonjwa la homa lililofagia dunia nzima. Alikuwa na miaka tisa. Ambrose hakuwepo nyumbani, alikuwa kazini. Siku ya tano baada ya mazishi alirudi studio, akaketi chini ya kamera yake, na tangu hapo hakuna mtu aliyemsikia akilitaja jina la mtoto yule. Ndivyo alivyoamini mwenyewe.

Miaka ikapita, na ilikuwa minono. Alipiga picha zaidi ya mia. Walimjengea jina, naye akajenga nyumba yenye malimau mbele na ndani kimya, maana yeye na Ottilie hawakugombana wala hawakuachana, ila waliishi kama wapangaji wawili wenye heshima. Kisha, kama ujuavyo, dunia haikai mkao mmoja. Sinema zikaanza kusema.

*

Ilikuwa 1929. Jengo jipya la studio halikuwa na hata dirisha moja. Kuta zilivikwa mablanketi mazito, na kamera, kwa kuwa ilikuwa na kelele, ilifungiwa kwenye kibanda cha kioo pamoja na mpigaji wake, ambaye kila baada ya dakika kumi alitolewa akiwa amelowa kama aliyezama. Kipaza sauti kilining'inia juu. Taa nyekundu ikiwaka mlangoni, mlango ulifungwa kwa komeo na hata kupiga chafya ilikuwa jinai. Mtawala wa humo alikuwa bwana mmoja aitwaye Pruitt, aliyetoka kwenye kazi za simu na asiyejua chochote juu ya sinema, na ambaye sasa nyota na waongozaji walimnyenyekea kama padri.

Picha aliyopewa Ambrose ilikuwa ya mama mfua nguo anayefiwa na bintiye. Lenore ndiye mama. Maonyesho mengine yote yalikwisha kupigwa, kwa taabu lakini yalikwisha. Lilibaki moja: mama yuko kando ya kitanda, anamwimbia mtoto bila maneno, wimbo unakatika, mtoto anakata roho. Maneno hayapo. Kila kitu ni pumzi.

Jumatatu Ambrose aliliharibu mara tatu. Mara ya kwanza alisema, "Polepole, Lenore," kwa sauti kubwa kabisa, na watu wote wakaangua kicheko, yeye akiwa wa kwanza. Mara ya pili hakuna aliyecheka sana. Mara ya tatu Pruitt alitoka kwenye chumba chake cha juu na vifaa vya kusikilizia bado vimemning'inia shingoni.

"Bwana Teague, nakuomba kwa heshima. Ulimi wako uutie mfukoni."

"Huu ulimi ndio uliokujengea hicho chumba, bwana mdogo."

"Inawezekana. Lakini sasa ndani ya chumba nakusikia wewe, simsikii mama wa mtoto."

Jumanne Ambrose aliapa, akabana meno, na onyesho lilipokwisha akasimama ametanua kifua. Alikuwa na hakika hajatoa hata mkoromo. Pruitt akatikisa kichwa: kuna mtu amezungumza. Ambrose akamwita mwongo mbele ya kadamnasi. Ikabidi aitwe Haskell Dunne, mwenye studio, mtu aliyekuwa na tabia ya kuongea kwa upole hasa anapotaka kukuchinja.

"Ambrose, tumetoka mbali mimi na wewe," Dunne alisema. "Kuna bwana wa michezo ya jukwaani nimemleta kutoka New York. Yuko hotelini, anakula kamba kwa pesa zangu, hana kazi. Nakupa mpaka Alhamisi. Nikisikia neno lako moja tena kwenye onyesho lile, picha inakuwa yake, na mkataba wako sitaandika mwingine."

"Sikusema kitu, Haskell."

"Basi kesho asubuhi tusikilize wote."

*

Siku zile sauti ilichongwa kwenye sahani nene ya nta. Ukiicheza mara moja tu, sindano inaila; haifai tena isipokuwa kukwanguliwa na kutumika upya. Kwa hiyo Jumatano asubuhi, watu saba walipokusanyika kwenye chumba cha Pruitt, walijua watasikia mara moja basi.

Kwanza ilisikika mikwaruzo. Kisha Lenore akiimba, sauti ya puani, nzuri, ya mama aliyekesha. Na chini ya wimbo, kama mtu anayezungumza chumba cha pili, mwanamume.

"Minta. Nimefika. Baba amefika, mama, fumbua macho. Usilale kwanza. Njia ilikuwa ndefu lakini nimefika. Nitazame kidogo tu. Kidogo. Minta..."

Ambrose aliinua kichwa. "Nani huyo?" akauliza.

Ambrose hakuwahi kuisikia sauti yake kutoka nje ya kichwa chake, na kwa muda alidhani anamsikia marehemu baba yake, maana mvuto wa maneno ulikuwa uleule wa mnadani, wa kumshika mteja asiondoke. Kisha akatazama nyuso za watu. Dunne alikuwa akikagua viatu vyake. Lenore alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa. Mpiga kamera, aliyekuwa naye tangu siku za kuzungusha kamera kwa mkono, alikuwa amegeukia ukuta.

"Ni mimi," Ambrose alisema.

"Ni wewe, Bwana Teague," Pruitt alijibu, na kwa mara ya kwanza hakuwa na ubishi. Akainyanyua ile nta, akaiweka kwenye mashine ya kukwangua, na nyuzi nyembamba zikaanza kudondoka sakafuni. Ambrose alizitazama mpaka mwisho.

*

Mchana alimkuta Fisk nyuma ya karakana ya maseremala, ameketi juu ya mbao na mkate wake wa nyama ya nguruwe. Fisk alitaka kuinuka.

"Kaa, Wendell. Tangu lini?"

"Tangu lini nini, mzee?"

"Usinizungushe. Jina la mtoto. Naliita tangu lini?"

Fisk aliufunga mkate wake katika karatasi, akaufungua tena. "Tangu uliporudi. Mwaka uleule. Si kila siku. Onyesho likiwa na kitanda na mgonjwa, basi lazima. Mara nyingine hata mtu akiaga tu stesheni."

"Miaka kumi na moja!"

"Ndiyo, mzee."

"Na nyote mlikuwa mnasikia."

"Tulikuwa tunasikia. Wapya walikuwa wanauliza, tunawaambia nyamaza." "Tulidhani unajua. Tulidhani ndiyo njia yako ya kuomboleza, kila mtu na yake. Halafu nani angekwambia? Mashine ikizunguka hukatizwi."

Ambrose aliketi kando yake. Yule mtu wa maneno laki alikuwa anatafuta moja, halipatikani. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Chake kilikuwa mdomoni.

"Mzee," Fisk alisema, na sauti ilianza kumpotea, "na mimi nina langu. Siku ile mkeo alipopiga simu. Karani wa getini alinipa karatasi saa nane na nusu. Imeandikwa, mtoto anazidiwa, aje upesi. Nikaja hadi nyuma ya kiti chako. Ulikuwa unapiga lile onyesho la mahakama. Nikasema, akisema kata tu, nampa. Ukasema kata, ukaunganisha hapohapo, haya tena, zungusha. Mara nne. Dakika arobaini nimesimama na karatasi mkononi inalowa jasho. Ningekugusa bega tu."

"Ningekufukuza."

"Ungenifukuza. Ningeenda kuuza viatu kama kaka yangu. Bora ningeuza viatu!"

Ambrose alifika nyumbani siku ile saa kumi kasoro robo, na mtoto alikuwa ameshafunikwa. Hilo Fisk alilijua, wote walilijua. Alichokuwa hajakijua mtu ni kile Ambrose alichokitambua sasa hivi, juu ya zile mbao: kwamba katika kila picha aliyoipiga tangu hapo alikuwa akifika kwa wakati. Alikuwa akiingia chumbani mtoto bado ana pumzi. Kitanda kile au kingine, miaka kumi na moja, alikuwa akifika.

"Hukukosa wewe, Wendell," alisema hatimaye. "Sheria ilikuwa yangu." Fisk alikuwa analia waziwazi, mkate uko magotini.

*

Jioni Ottilie aliandaa supu ya njegere. Walikula. Alipotoka jikoni na kahawa alimkuta mumewe ameketi wima mbele ya saa ya ukutani, leso ameikunja na kuibana katikati ya meno.

"Unafanya nini, Ambrose?"

Akaitoa leso. "Mazoezi ya kunyamaza. Nikisema neno kesho, wananitoa."

Ottilie aliweka kikombe mezani taratibu. "Wenzio wana bahati mbaya," alisema. "Humu ndani hukuhitaji mazoezi."

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililouma. Alirudi jikoni. Ambrose alisikia maji yakifunguliwa, vyombo vikigongana, na alijua kwamba kuna swali moja analopaswa kumfuata nalo kule, swali ambalo lilikuwa limekaa baina yao miaka yote kama mgeni asiyeaga. Ottilie alikuwa chumbani siku ile. Yeye aliona. Yeye alisikia. Ambrose hakuwahi kumuuliza, kwa sababu mtu aliyefika kwa wakati hana haja ya kusimuliwa. Aliirudisha leso mdomoni akaitazama saa mpaka ikapiga.

*

Alhamisi, saa tano asubuhi, watu walikaa kila mmoja mahali pake. Mtoto wa kuigiza, kitoto cha miaka minane kilichofundishwa kazi kuliko wakubwa, kililala kitandani na kufumba macho. Lenore alikuja kwanza mpaka kwenye kiti cha Ambrose, akachuchumaa mbele yake na nguo zake za mfua nguo.

"Bosi, naogopa," alimnong'oneza. "Sijawahi kulia bila wewe. Nitamsikiliza nani?"

"Hata mimi sijui, binti yangu. Msikilize mtoto."

"Mtoto hasemi."

"Basi hivyohivyo."

Dunne alisimama mlangoni, mikono nyuma. Mpiga kamera akaingia kwenye kibanda chake, wakamfungia. Ambrose alibana leso kwenye meno. Taa nyekundu ikawaka, na komeo likapigwa.

Lenore alianza kuimba. Ambrose alishika magoti yake kwa nguvu mpaka vidole vikawa vyeupe. Mwanzo ulikuwa rahisi. Kisha wimbo ukafika pale unapolegea, na akausikia ulimi wake ukijiandaa, ukijinyanyua wenyewe nyuma ya ile leso kama farasi aliyesikia kengele. Akaubana. Lenore alinyoosha mkono, akaugusa uso wa mtoto. Sasa, ulimi ulisema, sasa ndipo unapoingia, mlango huo hapo. Akauma leso hadi taya zikatetemeka. Hakuingia. Akabaki kwenye kiti, upande wa pili wa chumba, hatua sita, naye hawezi kuzivuka.

Wimbo ukakatika.

Lenore hakulia kama alivyokuwa akilia kwenye picha zile nyingine, na mabega na mikono. Alinyamaza tu, akasubiri pumzi inayofuata, na alipoona haiji akaendelea kuisubiri. Hakuna aliyemfundisha. Kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kufanya, na Ambrose alikiona chote kwa macho yake, tangu mwanzo hadi mwisho, bila neno la kujikinga nalo. Mtoto yule alikufa mbele yake. Alikufa bila baba, saa tisa mchana, Oktoba, na baba alikuwa kazini. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Haikuwahi kuwa vingine.

Onyesho liliishia pale Lenore anapolaza kichwa juu ya godoro. Akalaza. Akangoja.

Ambrose hakusema kata.

Fisk alimtazama. Leso ilikuwa imeanguka mapajani, mdomo uko wazi, na hautoi kitu. Neno lilikuwa lake peke yake. Mle ndani hapakuwa na mtu mwingine wa kulitamka. Dakika ikapita. Lenore alibaki ameinamisha kichwa, mkono juu ya mkono wa mtoto. Mtoto, kwa kuwa alikuwa fundi wa kazi yake, hakutikisa ukope. Dunne alifungua kinywa, akakifunga. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na kile kilisikika hadi juu kwa Pruitt, ambaye baadaye alisema alivua vifaa masikioni kwa sababu hakuweza kukivumilia. Ambrose alijaribu. Kila alipolikaribia lile neno aliliona jinsi lilivyo: akilisema, mtoto anafunikwa.

Dakika ya pili ikaisha, na ya tatu. Filamu ndiyo iliyochoka. Ndani ya kibanda kikasikika kitu kikipigapiga, utepe umefika mwisho wake, na taa nyekundu ikazimika yenyewe.

Hakuna aliyesogea. Kisha Dunne akaja, macho mekundu, akamwekea Ambrose mkono begani. "Umepata," alisema. "Mungu anajua, Ambrose, umepata. Kile kimya cha mwisho sitakigusa. Kesho nitakuandikia mkataba mwingine, hata viwili."

"Mwite yule bwana wa hotelini," Ambrose alimjibu.

"Wa nini tena? Hukusema hata neno!"

"Mwite, Haskell. Mimi nimemaliza." Aliinuka kwa kushikilia kiti, akamgeukia Fisk. "Nimeshindwa kulitamka, Wendell."

"Niliona, mzee."

"Kuanzia leo ulitamke wewe. Akija mtu na karatasi, ulitamke upesi."

Lenore alimfuata hadi mlangoni, akambusu mkono kama mtu anavyombusu baba yake, akarudi kumnyanyua mtoto kitandani.

*

Ottilie alikuwa jikoni akimenya malimau ya kupikia jemu. Aliposikia gari alitazama saa. Katika miaka ishirini hakuwahi kumwona mumewe nyumbani mchana wa siku ya kazi, ila mara moja tu, na siku hiyo alifika karibu saa kumi. Ambrose aliingia na kofia bado kichwani.

"Wamekutoa?"

"Hapana. Nimetoka."

Alivuta kiti, akaketi mbele ya bakuli la maganda.

"Ottilie. Siku ile. Alisema nini?"

Kisu kilisimama. Ottilie hakuuliza siku gani.

"Nimekungoja uniulize," alisema. "Mwaka wa kwanza nilikuwa nalala nimejiandaa kukujibu. Baadaye nikaacha. Una hakika unataka?"

"Sina hakika. Niambie."

Ottilie alijifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. "Nilipopiga simu waliniambia ujumbe umefika, ila uko kwenye onyesho. Nikakaa naye. Alikuwa na akili zake kabisa, usidhani aliweweseka. Ilipofika saa tisa hivi nikaona pumzi imebadilika. Nikainuka, nikamwambia, ngoja, nampigia baba simu tena, safari hii nitapiga kelele mpaka wamlete. Akanishika gauni."

Akayasogeza maganda kando. Ambrose hakumhimiza.

"Akasema, 'Mama, acha. Baba akipiga picha hakatizwi.' Ulikuwa unampeleka kule mara nyingi, Ambrose, ulimfundisha mwenyewe. Akaweka kidole mdomoni, hivi, kama mlivyokuwa mkifanya nyote mashine ikianza." Ottilie aliweka kidole midomoni mwake, kikakaa hapo kidogo. "Basi nikarudi nikakaa. Sikutaka kumbishia. Tulikungoja tumenyamaza, mimi na yeye, tusikuharibie kazi."

Ambrose alivua kofia. Kisha akalia, kwa sauti nene, mbaya, isiyo na ufundi wowote, sauti ambayo asingemruhusu mwigizaji yeyote kuitoa, na ikaendelea na kuendelea mpaka jirani akachungulia juu ya ua. Ottilie alikaa palepale na malimau yake, wala hakumkatiza.